Vidole vya Lorna

Jumatatu, 2 Oktoba

Mke wangu! Bado naliandika neno hili nikitabasamu peke yangu kama mwehu. Leo tumekunywa kahawa kikombe kimoja – cha pili nilikivunja nikimtazama yeye badala ya meza.

Lakini posta imetuharibia siku. Ofisi ya leseni ya jimbo imezikataa tena alama zake za vidole, za kuchunguza kama ana rekodi ya uhalifu. Hazisomeki! Na bila alama, hata leseni ya muda hapati. Lorna wangu ni muuguzi wa ngazi ya juu, kule Ohio alikuwa anapima wagonjwa na kuwaandikia dawa mwenyewe. Hapa haruhusiwi hata kumwandikia mtu ya kikohozi. Na amehama kwa ajili yangu! Kliniki yetu haina tabibu, mji mzima unamsubiri yeye. Bwana Haskins, meneja, atamshikia nafasi mpaka mwisho wa mwezi. Basi.

Jumatano, 4 Oktoba

Dada anayechukua alama katika ofisi ya sherifu, mkuu wa polisi wa wilaya, ameigeuzageuza mikono ya Lorna. Akamuuliza ananawa mara ngapi kazini. Lorna akacheka: kabla na baada ya kila mgonjwa, miaka kumi na moja. Ndiyo hivyo basi, dada akasema – sabuni na spiriti zimekula mistari. Apake losheni, avae glavu, asiguse maji ya moto wiki mbili, kisha arudi.

Yaani anaadhibiwa kwa usafi! Nimepiga teke tairi ya pikapu. Tairi haikujali.

Dukani tunakouza vyakula vya mifugo, Mjomba Merle hakuniacha. "Mke asiye na alama za vidole? Acha kubeba magunia, kijana! Mpeleke benki, mjaze gunia moja la noti, mmemaliza."

"Mjomba, huyo ni mke wangu."

"Ndiyo maana nakwambia mgawane!"

Jumamosi, 14 Oktoba

Naosha vyombo mimi. Nafua mimi. Namenya viazi mimi. Jioni nampaka losheni, kidole kimoja kimoja – raha gani hii! Nikamwambia ningefanya hivi mpaka nizeeke.

Akauvuta mkono polepole. "Dell, mpenzi, mikono hii si ya kupakwa tu."

Nikafunga kopo la losheni.

Jumanne, 17 Oktoba

Mjomba alikanyaga msumari juzi, akaficha, kama kawaida yake akiumia. Leo kaja kwetu anachechemea. Lorna akamvua soksi. Mguu mwekundu mpaka juu ya kifundo.

"Niandikie vidonge, binti yangu, nirudi dukani."

"Siwezi, Mjomba."

"Hujui dawa yake?"

"Naijua. Siruhusiwi."

"Nani atajua?"

"Mimi. Vaa kofia, tunaondoka."

Saa mbili za barabara mpaka hospitali, kwa vidonge vya siku kumi! Wakati wa kurudi Mjomba alisinzia nyuma. Lorna aliangalia mashamba yaliyovunwa, machozi yanamtoka bila sauti. Nikamshika mkono. Ulikuwa laini kabisa. Kwa mara ya kwanza sikuufurahia.

Alhamisi, 19 Oktoba

Mistari imeonekana! Dada wa sherifu amezipeleka alama leo hii. Nilimbusu Lorna palepale mbele ya askari wawili.

Nikapiga simu ofisi ya jimbo. Majibu lini? Yakija, yamekuja, wakasema. Haskins naye: anasikitika, lakini mwisho wa mwezi ni mwisho wa mwezi. Nilitaka kuitupa simu!

Na sasa simu ya Lorna. Bosi wake wa zamani, Ohio. Nafasi yake iko wazi, anaweza kuanza Jumatatu. Ametoka nayo barazani. Chakula kinapoa. Namwona na kumsikia kupitia dirisha – ananitazama, anatabasamu, Mungu wangu, alivyo mzuri! Anamshukuru bosi. Anauliza wagonjwa ni wangapi kwa siku. Anauliza zamu ya usiku nani anaishika.

Hajasema hapana.