Mpaka wa Usukumani

Jumatatu, 8 Mei 1972

Maji ndoo mbili kabla ya shule. Uji. Pasi ya mkaa imeunguza pindo la sketi, kidogo tu. Jioni nimerudi, Baba yuko palepale nilipomwacha asubuhi, kwenye kigoda, mikono juu ya magoti. Majirani wameacha kuuliza.

Mashine ya kusaga ya Mzee Lutonja inasikika hadi kwetu. Baba anaisikiliza. Leo amesema mawe yake yamechoka, yanaunguza unga.

Sipendi kukaa nyumbani. Shuleni pia sipendi. Nasoma njiani nikitembea.

Alhamisi, 11 Mei

Niandike yote, labda nitaelewa.

Bibi alifariki Kishapu mwezi wa tatu. Baba aliomba ruhusa akamzike mama yake. Mzee Lutonja akasema asubiri, mashine kubwa imekufa na watu wamepanga foleni na magunia yao. Baba akaenda. Aliporudi alimkuta mpwa wa Mzee ameshika nyundo yake.

Kufukuzwa si jambo geni. Watu wanafukuzwa, wanapata kwingine. Lakini Baba alipoajiriwa alitia sahihi mkataba. Unasema akiacha kazi, au akiachishwa, asifanye kazi ya mashine za kusaga popote Usukumani kwa miaka mitatu. Mwenye mashine wa Tinde alimtaka. Alipoambiwa habari ya mkataba, akarudi nyuma. Wengine hivyo hivyo.

Baba hana kazi nyingine anayoijua. Anajua kuchonga mawe ya mashine: kuyafungua, kuyalaza, kuyatia meno upya kwa nyundo na patasi mpaka unga utoke laini na baridi. Shamba hana. Alikuja mjini kijana.

Nimemuuliza kwa nini alitia sahihi. Amesema siku ile alikuwa na furaha.

Ijumaa, 12 Mei

Nimekaa na atlasi mapumziko yote. Wilaya ina mstari. Mkoa una mstari. Usukuma hauna. Ni herufi tu zimetawanywa juu ya ramani, moja karibu na ziwa, nyingine mbali huku kwetu. Nimejikaza nikamuuliza mwalimu wa jiografia Usukuma unaishia wapi. Darasa zima likanigeukia. Mwalimu akacheka, akasema nimuulize aliyeniambia unaanzia wapi.

Aliyeandika ule mkataba ni karani wa Mzee Lutonja, mtu wa Tanga. Mama anasema kwa karani yule kila mtu wa huku ni Msukuma, hata Mnyaturu mwenye duka la mafuta ya taa. Aliandika "Usukumani" kama mtu anavyosema "huko kwenu". Hakufikiri. Neno moja, hakufikiri, na Baba amekaa kwenye kigoda.

Jumanne, 16 Mei

Mwalimu wa siasa alitaka mada za mdahalo. Juzi nilitumbukiza yangu sandukuni bila jina: Serikali ipige marufuku mikataba inayomzuia mfanyakazi kufanya kazi yake kwingine. Leo imechaguliwa. Nilifurahi mpaka masikio yakawaka.

Kisha tukapiga kura ya pande. Nimeangukia upande wa kupinga.

Nilitaka kumwambia mwalimu. Nimesema ndiyo mwalimu, nikakaa.

Ijumaa, 26 Mei

Tumeshinda. Sijui niandikeje.

Shija wa kidato cha nne alisemea upande unaotaka serikali ipige marufuku. Alinguruma. Uhuru na Kazi, basi raia anakatazwaje kazi? Mfanyakazi si ng'ombe wa kuwekwa alama. Alishangiliwa. Nilitamani kukaa upande wake.

Nikasimama. Nilitazama dirisha. Nilikuwa nimejiahidi kusema kidogo na vibaya. Lakini nilikuwa nimesoma na kuwaza wiki nzima, na sijui kusema uongo kwa makusudi. Nikasema: yupo fundi aliyekuja mjini hajui hata kufunga parafujo. Tajiri akamfundisha, akamlisha, akavumilia mawe aliyoyapasua. Sasa fundi akivuka barabara na ujuzi ule, akaondoka na wateja, nani atamfundisha mwingine tena? Matajiri wataficha ufundi, watawapa watoto wao tu. Serikali ikikataza mikataba yote, itamfungia mlango kijana asiye na ndugu mwenye mashine.

Kisha makofi mengi. Shija akanipita mlangoni, akasema, "Kabula, bubu wewe, kumbe ni wakili wa matajiri." Alikuwa anatania. Nimelia chooni.

Kila nililosema ni kweli. Hilo ndilo linaloniuma. Lakini kuna jambo sikulisema kwa kuwa halikuwa la upande wangu: Baba alimlipa tajiri wake yote yale kwa miaka kumi ya kuchonga.

Jumapili, 28 Mei

Mjini hakuna siri. Baba alisikia habari za mdahalo kanisani. Nilingoja anikaripie. Amesema, "Umesema haki. Alinifundisha." Afadhali angenipiga.

Mchana ameamua. Atakwenda Nkome, ng'ambo ya Geita, ziwani. Huko ni kwa Wazinza. Mzinza mmoja, Mzee Petro, ana mashine na wavuvi wanataka unga wa muhogo, ila mawe yake hayana fundi. Baba amerudia mara nyingi: Uzinza si Usukumani. Ameoga, amenyoa ndevu. Sikumbuki mara ya mwisho alinyoa.

Mama amefunga michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye kanga yake ya zamani na kumwekea Baba ya safari.

Jumamosi, 10 Juni

Likizo. Mama nami, na mdogo wangu mgongoni, tumefika Nkome jana. Basi hadi Mwanza, kivuko, lori la magunia hadi hapa. Vumbi mdomoni. Harufu ya dagaa inaanza kabla hujaona maji. Wameanikwa mchangani kama mkeka mmoja mrefu.

Baba ameanza kunenepa mashavu. Nyusi zake nyeupe kwa unga. Asubuhi alinionyesha jiwe alilolichonga, akaniwekea kiganja changu juu yake nisikie meno. Wateja wanamjua. Mzee Petro anamwita "daktari wa mawe". Mama amecheka, kucheka kabisa.

Jambo moja. Wateja wengi si Wazinza. Ni watu waliohamia na ng'ombe wao kutoka Kwimba, Maswa, hata Kishapu, wakikimbia ukame. Wanakuja na vikapu asubuhi, wanamwamkia kwa Kisukuma, "ng'wangaluka", na Baba anaitika kwa sauti kubwa huku mkanda unazunguka. Nilifurahi kuwasikia. Kama nyumbani.

Jumatano, 14 Juni

Karani amekuja. Yeye na mpwa wa Mzee Lutonja. Wamesimama mlangoni mwa mashine wakasikiliza tu, muda mrefu, kisha wakaenda kwa Katibu Tarafa. Baba aliendelea kusaga.

Ijumaa, 16 Juni

Ofisi ya Katibu Tarafa. Watu wamejaa, wengine madirishani. Katibu ni mtu mwembamba, mpole. Alisoma mkataba hadi mwisho na kurudia. Akasema yeye amekulia ziwani, na hapa ni Uzinza, kila mtoto anajua. Watu wakaguna kwa kukubali. Nilimshika Mama mkono.

Karani akasimama, akainama kidogo. "Mheshimiwa, nani anaujua mpaka wa Usukumani? Mimi siujui. Muulize fundi wateja wake wanamwamkiaje."

Mzee Petro akanong'ona nyuma yetu, kila mtu akamsikia: "Sema shikamoo, bwana. Sema shikamoo tu." Watu wakacheka.

Katibu akauliza, "Wanakuamkiaje, Baba Kabula?"

Nilijua. Nilijua atakavyojibu kabla hajafungua mdomo, na nilimchukia kwa muda ule mfupi.

"Wengi wanasema ng'wangaluka."

"Nawe unaitika?"

"Naitika. Mtu akikuamkia usimwitikie, wewe ni mtu gani?"

Hakuna aliyecheka safari hii. Katibu alivua miwani. Akasema, "Basi Usukuma umekufuata, ndugu yangu." Akaeleza polepole kwamba yeye hapendi mkataba huu. Lakini hakuna sheria anayoijua inayoukataza. Ingekuwepo, angeuchana hapa hapa. Haipo. Baba akitaka akashitaki Mwanza, lakini kesi itachukua muda na mpaka iishe asiguse mashine. Na karani ana sahihi ya Baba mkononi.

Baba akasema asante. Akatoka, akampa Mzee Petro patasi aliyoazima. Ameifuta kwanza kwa shati.

Jumapili, 18 Juni

Sikwenda kusali. Mama alikwenda peke yake.

Nimekuwa nikiwaza juu ya hotuba yangu. Nilisema tajiri akinyimwa mkataba hatafundisha. Sawa. Lakini niliacha swali ambalo Shija hakuliuliza: huyu aliyefungwa na mkataba atakula nini? Kama unataka mtu asifanye kazi anayoijua, basi umlishe wewe. Kama humlishi, mwache. Ninaona ni rahisi hivyo. Serikali ipige marufuku. Isitafute maneno ya katikati, kwa sababu maneno ya katikati yataandikwa na karani.

Ningesema hivi siku ile wasingenipigia makofi. Na hata ningesema, nani wa serikali alikuwepo? Wanafunzi na mwalimu mmoja.

Ninaandika kwa hasira. Hakuna mwingine anayesikia.

Jumanne, 20 Juni

Tuko njiani kurudi. Mwanza, tumelala kwa shemeji wa Mama. Baba hakula. Watoto wa hapa wanamwamkia, anatikisa kichwa tu.

Jumapili, 25 Juni

Padri amepata habari ya mashine ya kusaga Songea. Wanataka fundi wa mawe. Mbali sana, nimepima kwenye atlasi kwa rula na sikutaka kujua kilomita. Mama amesema miaka mitatu si mingi. Amesema akiwa amegeuka ukutani. Mdogo wangu ana mwaka mmoja na nusu. Hatamkumbuka Baba. Nimehesabu: atamwita mjomba.

Baba hakuuliza habari za nauli, wala nyumba, wala chakula cha huko. Aliuliza kitu kimoja tu. Kama Songea kuna Wasukuma.

Padri amesema wapo wachache, wanajeshi na wafanyakazi wa barabara. Baba akaitika mh.

Jumanne, 4 Julai

Shule imefunguliwa jana. Leo jioni kulikuwa na upepo, vumbi lote limeingia ndani.

Baba ameomba nimfundishe Kiswahili cha watu wa kule. Nilimwambia anakijua, amekaa mjini miaka yote hii. Akasema ulimi wake unamsema. Ni kweli. Baba hana "r". Anasema "habali", anasema "balabala", kama watu wote wa kwao. Kule mtu akimsikia atajua mara moja, na Msukuma akijua atamwamkia, naye Baba hatakuwa na namna ila kuitika.

Kwa hiyo tumekaa nje kwenye mkeka. Mimi nasema, yeye anafuata. Barabara. Sukari. Karibu. Anatazama mdomo wangu kama nilivyokuwa nikitazama wake nilipokuwa mdogo. Anakosea, anatoa jasho, hacheki. Mama alikuwa jikoni anakoroga uji wa mtoto.

Jua lilipokuwa linazama aliipata. Alisema "Habari za jioni" yote sawasawa, sauti nyembamba, si yake.

Mama akatoka na mwiko mkononi kuangalia ni mgeni gani amekuja.