Nilipiga Gitaa Pale Mcheshi Aliponyamaza

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na tafadhali usinicheke, maana kuchekwa ndiko kulikonifanya nishike kalamu. Mimi ni mpiga gitaa na kiongozi wa bendi ya roki, tuko watatu, mdogo wangu ndiye anayepiga dramu, na kwa miaka kumi na moja tumepiga muziki mzito kwa ajili ya watu wanaofikiri, ndiyo maana hatujawahi kujaza ukumbi. Mwaka huu mdogo wangu akashauri tutoe albamu pamoja na mtunzi mmoja wa nyimbo za kuchekesha, ambaye mchana hutengeneza friji na wote tunamwita Fundi, mtu anayeimba kuhusu jirani aliyeazima ngazi asiirudishe na mwenyekiti wa kikao asiyejua kufunga kikao, na nyimbo hizo za kipuuzi utazisikia hadi kwenye foleni ya benki, basi nikakubali shingo upande.

Sasa huyu Fundi ana tabia moja, kila akikaribia mstari wa mwisho anainua mkono, wote tunanyamaza, anahesabu hadi tatu kwa vidole, ndipo anausema huo mstari, na mimi ukimya ule ulinikera kwa sababu kwenye roki mahali patupu ni aibu. Kazi ya kuchanganya sauti nilipewa mimi, nikaifanya nyumbani peke yangu, na kila aliponyamaza nikapachika gitaa, tena gitaa lenye mkia mrefu, mlio unaokawia kuisha, likawa linapita hadi juu ya maneno yake. Mdogo wangu alipopita akasikia kipande akaniambia, "Kaka, umemziba mtu." Nikamwambia yeye apige dramu, mengine aniachie.

Jumapili iliyopita mchana tukakaa sebuleni kwa Mama kusikiliza albamu nzima, Mama, Shangazi, majirani wawili, na Fundi kwenye kigoda karibu na mlango. Nyimbo tisa zake zikapita bila mtu kucheka, Shangazi akauliza kama spika ni mbovu, Fundi akawa anatazama viatu vyake. Kisha ukaja wa kumi, ambao ni wangu, wimbo wa kweli kuhusu mke wangu aliyeondoka, pale ninapoimba "umechukua kitanda, ukaniachia foronya", na mshauri, watu walicheka, Mama mzazi alicheka mpaka akavua miwani ajifute macho. Fundi naye alishaniambia siku ya kurekodi, "Usibadilishe hata neno, huu umezishinda zangu zote," nikajua ananikejeli.

Wimbo ulipokwisha Fundi akasema polepole, "Nadhani yangu yameisha, jamani." Mimi kwa hasira nikamjibu, "Yaliisha zamani." Akamuaga Mama akaondoka. Sasa amempa mdogo wangu daftari lake la nyimbo ampatie mtu mwenye kazi nalo, anasema yeye na kuimba basi. Swali langu ni hili: nifanyeje ili watu wausikilize wimbo wangu bila kucheka, na je, kwa kuwa Fundi amejitoa mwenyewe, albamu itoke kwa jina la bendi peke yake?

Mimi, msanii asiyeeleweka.

JIBU

Msanii, unaeleweka vizuri sana. Hilo ndilo tatizo lako.

Umeniuliza maswali mawili, na yote mawili si swali. Jambo lenyewe umelificha katikati ya barua, kama mtu anayemweleza daktari habari za mafua huku mguu umevunjika. Mwenzako anaamini kipaji chake kimekufa. Wewe unajua hakijafa, unajua nani alikikalia, na umekaa kimya. Wewe, ambaye hukuweza kumwachia mwenzako kimya cha kuhesabu hadi tatu, hiki cha wiki nzima umekiweza bila shida.

Eti amejitoa mwenyewe. Umemsukuma, halafu unashangaa mlango umefungukaje.

Kuhusu mkeo, pole, na pole hiyo ni ya kweli. Mtu akiachwa na foronya bila mto wa kuivalisha, ameumia. Lakini nami nimecheka, nakiri, na baada ya kucheka nikakuonea huruma kuliko ningekuonea kwa magitaa yako yote. Mama yako hakucheka kwa sababu hakupendi. Alijifuta macho, bwana, hukujiuliza machozi yale yalikuwa ya nini? Katika sebule ile aliyejua thamani ya wimbo wako kabla ya wote ni Fundi, akakuambia waziwazi, nawe ukasikia kejeli kwa sababu kejeli ndiyo lugha unayoijua. Miaka kumi na moja hujapata msikilizaji, na huyo mmoja uliyempata umemfukuza mbele ya mama yako.

Sasa fanya hivi, tena kesho, maana mficha maradhi kifo humuumbua, na mdogo wako ana masikio. Toa kila gitaa ulilopachika. Usipunguze sauti, toa. Chukua daftari kwa mdogo wako, nenda kwenye karakana ya friji, gitaa liache nyumbani. Mbele ya wenzake anaofanya nao kazi, kwa kuwa ulimvunja mbele za watu, mwekee wimbo wa ngazi kama ulivyouharibu, kisha kama alivyouimba. Jina lake litangulie kwenye jalada, kama atakubali kuwa na jalada moja na wewe. Akikataa, nyimbo tisa ni zake, mkabidhi, nawe ubaki na foronya yako.

Halafu mwambie, "Ni mimi niliyeziba." Usieleze habari za roki. Hesabu moja, mbili, tatu, na safari hii mwache yeye aseme.