Sketi Nyekundu ya Macdara

Kisiwani, 11 Februari 1907

Kwa binti yangu Sorcha,

Salamu sana. Hujambo huko Boston? Mumeo Peadar hajambo? Sisi wazima, viazi vipo, na mimi bado nabeba mtumbwi kichwani peke yangu, waulize vijana. Barua hii naandika kwa mkono wangu, mwalimu hajagusa hata nukta. Herufi zikienda upande, ni meza.

Suruali uliyomletea mwanao Macdara imefika. Nzuri. Hataivaa. Ana miaka saba tu, mwanangu umesahau ulikozaliwa? Wale Wema wa kilimani, wasioonekana, tusiowataja kwa jina lao, hawana haja na wasichana, wanaiba wavulana. Wakipita wakiona sketi wanasema, “Aa, binti huyo,” wanaenda zao. Mimi nilivaa sketi mpaka ndevu zikaanza kuota, na nitazame nilivyo.

Suruali nimemvalisha mbuzi dume, nikamfunga mlangoni. Wakitaka dume, waanze na huyo. Kesho yake kalala, tumbo limemvimba kama ngoma. Unataka ushahidi gani tena?

Ni mimi baba yako,
Beartla

Boston, 3 Machi 1907

Shikamoo Baba,

Natumaini kifua hakikusumbui na baridi hii. Sisi tunaendelea, Peadar kapata kazi relini.

Jirani yako Nápla kaniandikia. Mbuzi alikula vifungo, Baba. Vyote.

Sasa sikiliza. Nápla anahamia huku mwezi wa tano, na Macdara atakuja naye. Miaka minne sijamwona mwanangu. Watoto wa mtaa huu wakimwona anashuka na sketi watamtoa roho. Mvalishe suruali, na usibishane na mimi. Nashinda na pasi mkononi kwa hawa matajiri, leo tu nimenyoosha gauni la mtoto wao wa kiume, lesi mpaka kwenye viwiko, mgongo wote unaniuma. Sketi zimenichosha.

Mwanao,
Sorcha

Kisiwani, 25 Machi 1907

Sorcha,

Marahaba. Kifua changu ni cha fahali, usikiulize.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, mlangoni, majirani wasikie. Kumbe! Mtoto wa kiume wa tajiri wa Boston anavaa gauni! La lesi! Na nani anamnyooshea? Binti yangu. Huyo unamwambia “ndiyo, bwana mdogo,” Macdara ndiye aibu. Mwalimu naye kaniambia hata wafalme walikua kwenye magauni, na siku mtoto anavishwa suruali ya kwanza ilikuwa sherehe, anapewa na kiupanga. Nimemwambia wafalme waliiga kwetu.

Macdara haendi. Mama yako, Mungu amrehemu, alimvalisha kaka yako Féichín suruali akiwa na miaka sita, kwa sababu aliililia. Hakuimaliza baridi ile. Wewe ulikuwa mdogo. Mimi ndiye niliyembeba.

Baba yako

Boston, 14 Aprili 1907

Shikamoo Baba,

Habari za Féichín sitabishana na wewe. Nakuuliza moja tu. Si wewe uliyenifundisha kwamba Wale Wema hawavuki bahari kuu? Basi huku hawapo. Macdara akikanyaga Boston amepona, kwa suruali, kwa sketi, hata uchi. Sasa niambie ni nani anayemweka kwenye hatari, mimi au wewe?

Mimi ni mama yake, Baba. Niletee mwanangu.

Sorcha

Kisiwani, 20 Mei 1907

Kwa binti yangu,

Hujambo? Mimi mzima.

Amekwenda. Akili hiyo nimeitoa mwenyewe, usidhani ni barua yako. Suruali kaivaa ndani, kwa kamba maana vifungo unajua viliko, na sketi yake nyekundu juu. Nápla nimemwapisha asimvue mpaka nchi isionekane.

Lakini nikawaza, wakipita wakikuta mlango hauna mtoto, si watamfuata bandarini? Nikaitoa sketi nyekundu ya mama yako, nikaivaa mbele ya Macdara kabla hajaondoka, nikakaa mlangoni. Mimi, Beartla, ninayebeba mtumbwi peke yangu.

Kisiwa kizima kimepita kutazama. Yule mpumbavu Tomás kanipigia kelele, “Bi harusi, mahari yako kiasi gani?”

Nikamwambia, “Kamuulize baba yangu. Yuko makaburini, nikupeleke sasa hivi?”

Padri kasema naaibisha kanisa. Nimemwahidi, siku barua yako ikija kusema mtoto yuko mikononi mwako, naivua. Fanya haraka kuandika. Magotini kuna joto, lakini upepo wa huku unaujua.

Baba

Boston, 9 Juni 1907

Shikamoo Baba,

Kafika! Mzima, mrefu, na anakula kama Peadar. Watoto wa mtaani walimcheka ile kamba. Akampiga mmoja, sasa ndiye rafiki yake.

Ila hapati usingizi. Ananiuliza kama babu bado amevaa. Nikamwambia, “Babu ni mtu mzima, keshavua zamani.” Akaangua kilio. “Basi watajua sipo! Watanitafuta!” Nikamwambia hawawezi kuvuka bahari. Akaniangalia, akasema, “Mimi si nimevuka?”

Nimewasha taa, nikaketi kukuandikia, Baba.

Najua yote niliyoyasema juu ya sketi. Nimeyasema mimi, kwa mkono huu huu. Lakini nakuomba, usiivue bado.

Mwanao,
Sorcha

Kisiwani, 28 Juni 1907

Sorcha,

Hatujambo. Nimesoma mstari wa kwanza, kafika, nikaivua palepale. Nikafika mstari wa mwisho, nikaivaa.

Mwambie alale.

Padri kaja jana kunidai ahadi. Nimemwambia arudi na mwenzake wa kumsaidia kunivua.

Babu yake