Gari Lisilotaka Petroli

Baba Mutheu,

Chai iko kwenye thamosi. Usimpigie yule anayetaka kununua gari lako la spoti, soma hapa kwanza.

Asubuhi nililipeleka kutia petroli, pampu ikawa inajizima kila nikibonyeza, vile unavyolalamika. Nikarudi nalo, nikamulika mdomo wa tangi kwa tochi. Kumbe kuna wavu wa waya umesokomezwa mle! Sasa nani? Ndipo nikamkumbuka babako, alipotutembelea kutoka Machakos, alivyoshangaa gari kulala barabarani hapa ughaibuni Harrow bila mlinzi, akihofia wezi watanyonya petroli.

Nimeung'oa. Tangi limejaa.

~~Mpigie umgombeze.~~ Mpigie umshukuru. Halafu umuulize kwa upole ni nini kingine alichofunga, maana dirisha la bafu halijafunguka tangu aondoke.

Mama Mutheu