Makaburi Yasiyoonekana kwenye Ramani

Ulyankulu, Tabora
Jumapili jioni

Mke wangu Mama Upendo,

Amani iwe kwako na kwa wote wa hapo nyumbani. Hujambo? Kifua cha mama kimetulia, au baridi ya Tukuyu bado inamsumbua? Mfikishie shikamoo yangu kabla hujaendelea kusoma. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio ulionifanya nichukue karatasi, maana simu za huku hukatika, nami ningekatika nazo.

Unajua tumekuja kufanya tathmini ya mazingira kabla bwawa halijajengwa. Wiki za mwanzo tulikaa Tabora mjini, kwenye nyumba ya kupanga pale Chemchem. Kazi yangu ni ramani. Nachukua picha za satelaiti, nalaza ramani ya udongo, ya misitu, ya mashamba na ya makazi, moja juu ya nyingine, kisha natia rangi ya buluu pale maji yatakapofika. Buluu yetu ilitua vizuri: hapakuwa na nyumba wala shamba, ni msitu wa miti ya miyombo mitupu. Tulifurahi.

Ndipo tukaja huku kijijini kuwaonyesha wananchi. Wengi wazazi wao walitoka Burundi. Ni wakulima, Wakatoliki, hawakuachi uondoke hujala. Nilibandika ramani ukutani mwa darasa. Mama mmoja wa makamo akasogea, akaitazama kwa muda, akaweka kidole katikati ya buluu.

"Baba, hapa ndipo alipo Deo."

"Deo ni nani, mama?"

"Kifungua mimba wangu. Alikufa hajaanza kutembea."

Tulikwenda naye. Chini ya miyombo kulikuwa na makaburi ya watoto wachanga, hayana saruji wala msalaba, ni mawe tu yaliyozama kwenye majani makavu. Satelaiti ingeyaonaje?

Tuliporudi ilibidi tuyaingize kwenye jedwali letu, ambamo kila athari hupimwa: ni kubwa au ndogo, inarekebishika au hairekebishiki. Kiongozi wetu, Bwana Kessy, si mtu mbaya. Amechoka tu na kazi hizi. Akaniambia, "Elia, makaburi huhamishwa. Andika ndogo, inarekebishika."

"Yanahamishika, mzee, lakini hilo si jambo dogo."

"Umejuaje?"

Wewe unajua nilijuaje. Kila siku nikikuita wewe nalitaja jina la mtoto wetu, ila yeye mwenyewe hatujawahi kumzungumzia tangu tumzike.

Aliniruhusu nijaribu kulisogeza tuta la bwawa. Nikapiga hesabu upya, mara juu ya bonde, mara chini. Kila nilipoyaokoa makaburi, maji hayakutosha kufika mwisho wa kiangazi. Na kiangazi cha huku si kama chetu, mke wangu. Watoto wanachota maji kwenye dimbwi moja na ng'ombe, na kuharisha kwao ni jambo la kawaida.

Ikabidi mimi mwenyewe niende kumwambia Mama Deo. Nilimkuta anapukuchua mahindi. Nikaeleza, nikaeleza tena. Mikono yake haikusimama. Mwishowe akasema, "Makaburi ya wazee wangu yako Burundi, hata siyajui yalipo. Hili ndilo nililokuwa nalo." Akachukua hindi jingine. "Lakini Deo hana kiu, baba. Wenye kiu ni hawa walio hai. Mhamisheni."

Nililia mbele yake, wala sikuona haya.

Jana tulifukua. Katekista alisali, wanaume wakachimba taratibu, mwishoni kwa mikono. Kwa Deo hatukukuta kitu. Miaka ilikuwa mingi, na udongo ulikuwa umemchukua mzima. Hakuna aliyethubutu kumtazama mama yake. Yeye akatandika kitenge, akasema, "Basi tieni udongo." Wakatia. Akauweka mgongoni kama abebwavyo mtoto, akanigeukia: "Nishikie hapa nifunge." Nikashika ncha ya kitenge mpaka fundo likakaza, tukatembea naye hadi makaburi mapya karibu na kanisa. Hakuimba, wala hakulia. Njia nzima alikuwa akipigapiga mgongo kwa kiganja.

Jioni Bwana Kessy alinisogezea jedwali na kalamu. Nimeandika: kubwa, hairekebishiki. Bwawa litajengwa hata hivyo, na ni haki lijengwe.

Nisalimie mdogo wangu Amani, mwambie ahsante kwa kututunzia migomba. Msalimie mchungaji wetu, na shangazi yako anayekuja kulala nawe usiku. Tunasubiri mkutano mmoja Urambo, kisha nitapanda basi kuja huko.

Nikifika usikimbilie jikoni. Tuketi sote pale kaburini. Nataka unisimulie ile asubuhi Upendo alipotutoka, nami nilikuwa safarini. Hujanieleza, nami nimekuwa nikiogopa kuuliza. Nieleze yote, hata alichokuwa amevaa.

Ni mimi mumeo, ninayekuwaza huku mbali,
Elia