Mzee Haandikishani na Mtoto

Kaloleni, Nairobi
Jumapili, baada ya ibada

Mpendwa Baba,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Goti lako linaendeleaje tangu mvua ianze? Na yule ng'ombe mkaidi, amezaa au bado anawazungusha? Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo, lakini usimwambie Mama, atanitumia kuku wote wa boma.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu wewe hupaza sauti mpaka majirani wanajibu, na jambo hili si lao. Tena huwa unanikata kabla sijafika mwisho. Kwa hivyo vaa miwani yako mpya uisome barua hii mwenyewe. Usimpe mdogo wangu Naliaka akusomee.

Wiki mbili zilizopita uliniuliza karo ya Naliaka nimeipeleka wapi. Ukasema labda nimeoa huku na ninamficha mke. Nilicheka, nawe ukadhani nimekubali. Baba, sina mke, na hizo pesa sijazila. Ziko kwa rafiki yako, Mzee Wekesa. Nilinyamaza kwa sababu sikutaka ukae naye kanisani huku moyo wako ukikuuma. Lakini sasa Naliaka amerudishwa nyumbani kutoka chuo cha uuguzi, na asipolipiwa kabla ya mtihani atarudia mwaka mzima. Siwezi tena kuendelea kunyamaza.

Bila shaka unakumbuka alipokuja kwetu siku ya pili ya Krismasi. Alisema maduka yake mawili ya vifaa vya ujenzi, la hapo sokoni na la huku Donholm, yanampa hasara kwa kuwa hajui kilichouzwa wala kilichobaki. Aliniomba nimtengenezee programu ya kompyuta ya kumwekea hesabu hiyo. Nikamtajia bei, laki moja na elfu themanini. Akasema, "Hiyo ni sawa, mwanangu. Siku utakayomaliza ndiyo siku nitakayokulipa." Mama alikuwa jikoni na Naliaka alikuwa kwa shangazi, kwa hivyo pale mezani tulikuwa sisi watatu tu. Nilikuwa nimeandaa karatasi mbili za makubaliano. Nilipozitoa ukaniambia, "Rudisha hizo. Mzee haandikishani na mtoto nyumbani kwangu." Nikazirudisha mfukoni, na kusema kweli nikaona haya kwamba nilizileta.

Nilifanya kazi ile miezi mitatu, na kazi nyingine mbili nikazikataa kwa ajili yake. Nilipomaliza nilimpa kila kitu, pamoja na paswadi zote za kuingilia, kwa sababu aliniombea kwanza. Aliniwekea mkono kichwani palepale dukani, akamshukuru Mungu kwa ajili yangu, kisha akanyoosha mkono kupokea. Baada ya kuombewa namna hiyo, ningemwambia vipi alete pesa kwanza?

Siku hiyo alinipa elfu kumi, akaiita nauli. Baadaye ikawa karani wake amesafiri, kisha kukawa na mchango wa kanisa, kisha simu ikawa haishikwi. Mwezi uliopita niliingia duka la Donholm nikajifanya mteja, nikanunua misumari robo kilo. Msichana wa kaunta akabonyeza, risiti ikatoka, na kila mstari wake niliuandika mimi. Nililipa shilingi zangu nikatoka na misumari ambayo sina pa kuipigilia. Nilikasirika, Baba.

Nilimweleza Kamau, rafiki yangu anayefanya kazi hii hii hapa mtaani. Alinicheka kwanza, ndivyo alivyo. "Buda, ulimpea paswadi zote na hajatoa hata dipoziti? Hiyo si kazi, hiyo ni sadaka."

"Ni mtu wa nyumbani," nikamwambia.

"Hao ndio wabaya. Stranger utamshuku, lakini mtu wa kwenu unampea mpaka funguo."

Yeye haanzi kitu kabla ya kupokea nusu. Kazi ikifika katikati anaonyesha alipofika na kulipwa tena, na programu hukaa kwa jina lake mpaka shilingi ya mwisho iingie. Hata wakielewana kwa simu, akikata tu anamwandikia mteja ujumbe: tumekubaliana hivi, bei ni hii, siku ni hii. Mteja akijibu "sawa", anauhifadhi ujumbe huo.

Nikimsikiliza, nilikuwa nikifikiria karakana yako. Wewe hukuwahi kugusa randa kabla ya nusu kufika, hata mteja akiwa mchungaji. Milango ya shule ilikaa kwetu muhula mzima kwa sababu mwenyekiti hakuwa amemaliza deni, nasi tukailalia kama kitanda. Kwa nini sikufanya hivyo? Nadhani ni kwa sababu mbao huonekana na kazi yangu haionekani, hata mimi mwenyewe naona haya kuidai kama kitu. Nadhani na wewe hukuiona kuwa kazi, la sivyo ungeniacha niziweke zile karatasi mezani. Sisemi hivi kukulaumu. Labda nakulaumu kidogo.

Kamau alitaka niizime ile programu, kwa maana bado ninajua njia ya kuingia. Nilikaa siku mbili nikiitamani njia hiyo. Mwishowe nikaona nikizima, yule msichana wa kaunta ndiye atakayefokewa, na mimi nitageuka mharibifu badala ya kuwa mtu anayedai haki yake. Nikaenda Makadara, mahakama ya madai madogo, ambako huhitaji wakili. Karani aliniuliza mkataba uko wapi. Nikamwambia tulikubaliana kwa mdomo. Akapitia ujumbe wa Mzee kwenye simu yangu. Mzee anaandika "nitakutumia" na "subiri kidogo", lakini hakuna mahali ametaja bei, na katika ule wa mwisho anasema nilimsaidia tu kama mtoto wake.

"Mkataba wa mdomo pia ni mkataba," karani akasema, "lakini lete mtu aliyesikia."

Baba, aliyesikia ni wewe peke yako.

Kesi itasikizwa Alhamisi ya kwanza ya mwezi ujao. Nakuomba uje useme kilichosemwa mezani kwako, basi. Usinisifu, na usimtukane. Najua ndiye aliyekesha nawe hospitalini Mama alipofanyiwa upasuaji, na jambo hilo sitalisahau. Ukisema ukweli huenda ukampoteza. Ukinyamaza, Naliaka atarudia mwaka, na mimi nitaanza kuandikishana na kila mtu, hata na wewe.

Mpe Mama salamu zangu na umwambie nakula vizuri. Naliaka aendelee kusoma vitabu vyake hata akiwa nyumbani. Shangazi wa Kimilili nimepata sweta yake, inanibana lakini naivaa. Wasalimie wazee wa kanisa. Ukikutana na Mzee Wekesa msalimie pia, na umwambie wewe mwenyewe kwamba nimemshtaki, asije akalisikia sokoni.

Nauli ya kuja na kurudi iko ndani ya bahasha. Ukiamua kubaki, mpe Naliaka, wala usinieleze sababu. Siku hiyo nitaingia mahakamani saa tatu asubuhi, na mpaka jina langu liitwe nitakuwa nikiangalia mlango.

Mwanao,
Simiyu