Nyumba ya Chumba Kimoja

Al Thumama, Doha
Ijumaa

Kwa Kaka Kioko,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kitui, na magoti ya Nyanya yamepata nafuu. Sisi hatujambo, ila joto. Nimempa jirani yetu Rodney, anayesafiri kuja huko usiku huu, akuletee mkononi kwa sababu simu yangu Mama huipekua.

Unajua Mama alifaulu mtihani wa wauguzi wa Marekani. Hospitali mbili zinamtaka, moja Houston, nyingine Chicago, na Jumapili lazima ajibu. Alisema kwa kuwa mimi ndiye msomaji, nimlinganishie gharama za maisha. Nilifurahi, hadi aliponiambia nitafute kodi ya nyumba ya chumba kimoja.

Chumba kimoja, Kaka, na sisi ni wawili. Nilipouliza karo ya shule niiandike wapi, akasema hiyo niiache. Tangu hapo nikawa namchunguza. Anti Velma, rafiki yake anayefanya kazi hotelini West Bay, akija, wanahamia Kikamba wakidhani nimekisahau. Siku moja Velma alitania kwa Kikamba kwamba msomi wetu atarudishwa akachunge mbuzi wa nyanyake. Mama hakucheka.

Nilitafuta kwa makini. Houston kodi ni nafuu, lakini bila gari hufiki kazini. Chicago kuna treni, ila kodi iko juu na baridi hula pesa. Hata ukihesabu gari, Houston ingemfaa.

Sasa niungame. Kwenye karatasi niliyompa, kodi ya Houston niliiandika karibu mara mbili ya ile ya kweli, na ya Chicago vilevile. Nilitaka miji yote imshinde, asiniache. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akasema basi tubaki.

Jana Mama alimpigia Velma, simu ikiwa kwenye spika, nami nimejificha nyuma ya kitabu. Velma alimuuliza angeishije na msichana mkubwa katika chumba kimoja. Mama akajibu kwamba chumba kingekuwa changu, nisome kwa utulivu. Yeye angelala kwenye kochi sebuleni, kama mwaka wetu wa kwanza hapa. Karo hakuitaka kwa sababu shule za serikali kule hazilipishi. Kisha akaisifu karatasi yangu. Alisema bila mimi angejitosa.

Nimeandika nyingine, yenye kodi za kweli, na chini yake kosa langu. Kesho nitampa mkononi, nisiiache mezani nikakimbia kama kawaida yangu. Akikupigia huku analia, usishangae.

Nisalimie Nyanya, pamoja na mbuzi wake.

Mdogo wako,
Cheryl